Jozi ya Kumi na Mbili

Kama kuna mtu aliyezaliwa na kinyaa, basi ni shangazi yangu. Huyu ni mwanamke asiyenywa maji mpaka akinuse kikombe kwanza, na akipeana mkono na mtu mwenye jasho, ule mkono huubeba pembeni kama si wake mpaka apate bomba. Sasa mtu wa namna hiyo, kwa miaka kumi na tisa, kazi yake ilikuwa kuwapeleka watalii kuoga matope. Nyumbani tulimcheka mpaka tukachoka. Siku hizi hatumcheki.

Yaliyotokea yalimpata yeye na mdogo wao wa mwisho. Na huyo pia ni shangazi yangu kwa haki yote, ila kwa kuwa tumepishana miaka michache tu, kila mtu alimwita Kitinda na mimi nikamwita hivyo hivyo. Wote wawili wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake. Dereva wao naye alikuwapo, na yale ambayo mimi nilitaka kuyakataa, yeye ndiye aliyenifunga mdomo.

Katikati ya kisiwa kuna mlima wa volkano uliokufa zamani sana. Juu umetoboka, na ukichungulia unaona kreta, shimo kubwa la duara, kuta zake zimejaa miti, na chini kabisa dimbwi la matope ya kijivu. Hayachemki wala hayatoi moshi. Ni ya baridi, mazito kama uji uliolala. Watalii huambiwa yanalainisha ngozi, kwa hiyo hushuka ngazi mia tatu, hujipaka kuanzia utosini hadi magotini, hupigana picha na kucheka. Baada ya hapo hupelekwa kwenye maporomoko ya maji kuoga, kisha kilima cha udongo wa rangi, bustani ya kobe, na mwisho duka la zawadi. Lango la kreta hufungwa saa kumi na moja jioni.

Ngazi zile zinateleza, kwa hiyo kila mgeni hupewa gambuti, viatu virefu vya mpira. Gari la shangazi lilikuwa na jozi kumi na mbili, nyeusi, kila moja na namba nyeupe kisiginoni; jozi ikipotea, ilinunuliwa nyingine ikaandikwa namba ileile. Wageni walizivaa langoni, wakashuka nazo, wakapanda nazo, na kuzirudisha kwenye maporomoko baada ya kuoga. Siti za gari zilitandikwa nailoni.

Na hapa ndipo palipokuwa na kosa, ingawa yeye aliliona ni ujuzi. Watu kumi na wawili wakishapakwa matope uso mzima, wote huwa sura moja. Isitoshe, shangazi hakuweza kuwatazama. Yale matope puani, masikioni, kwenye pembe za mdomo, yalimchafua roho. Basi wageni walipokuwa wakipanda gari, yeye alisimama mlangoni ameinamisha macho na kuhesabu gambuti. Jozi kumi na mbili zikiingia, alimpigia dereva mlango makofi mawili, wakaondoka. Miaka kumi na tisa, na hajawahi kupoteza mgeni. Ndivyo alivyoamini.

Siku hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua zuri, barabara tupu. Wageni walikuwa kumi na mmoja, walimu wastaafu kutoka ng'ambo, watu wapole waliosema asante kwa kila kitu. Jozi ya kumi na mbili ilikuwa haina mtu, ndipo shangazi akamwambia Kitinda aje naye.

Haikuwa bure. Kitinda alikuwa amepata kazi mbali, safari ya ndege mbili, na alibakiza wiki mbili aondoke. Shangazi hakutaka. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo shangazi ndiye aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyekaa macho akiugua. Kwa yule mtoto tu ndiko kinyaa chake kilikokuwa hakifiki. Kwa mwezi mzima walikuwa wakinuniana ndani ya nyumba moja, na ile safari ya kreta ilikuwa njia ya shangazi ya kuomba msamaha bila kutamka neno msamaha. Watu wa ukoo wetu ndivyo tulivyo.

Haikusaidia. Walipofika chini walikuwa wameshaanza tena. Kitinda alijipaka matope kama wengine, akazunguka ng'ambo ya dimbwi, kwenye matete, akakaa huko peke yake akijipiga picha kwa simu. Saa tano ikafika. Wageni wakaanza kupanda ngazi. Shangazi akaita.

"Kitinda! Twende!"

"Nakuja, dada. Tangulia."

"Twende sasa hivi, watu wananisubiri!"

"Si nimesema nakuja? Hata huku lazima unishike mkono?"

Ilimchoma. Akasema neno ambalo hadi leo akilikumbuka hushika mdomo wake.

"Basi kaa huko huko!"

Akageuka, akapanda.

Juu, mlangoni pa gari, akainamisha macho kama kawaida. Moja, mbili, tatu. Gambuti zikapanda, matope yakadondoka. Zilipofika kumi na moja zikakatika. Alisubiri kwa hasira. Kisha akaona jozi ya mwisho ikija taratibu kutoka kwenye ngazi, ikapanda, namba kumi na mbili kisiginoni. Hakuinua macho. Alikuwa amenuna. Akapiga makofi mawili, wakaondoka.

Kwenye maporomoko wageni walishuka wote, wakaoga, wakarudi weupe na weusi kama Mungu alivyowaumba, wakarudisha gambuti. Kitinda hakushuka. Alikaa siti ya nyuma kabisa, kichwa ameegemeza kwenye kioo, matope mwili mzima.

"Amenuna?" dereva akauliza. Huyu dereva tulimwita Taratibu, kwa sababu ya mwendo wake, na kuna siku baiskeli ilimpita.

"Mwache," akasema shangazi. "Akichoka kunuka ataoga."

Kwenye kilima cha udongo wa rangi pia hakushuka. Saa saba walifika bustani ya kobe, wageni wakatandikiwa mikeka kivulini wale mikate na mayai ya kuchemsha. Shangazi akabaki karibu na gari. Harufu ilikuwa imeanza kutoka. Aliponisimulia alitafuta mfano kwa muda mrefu, kisha akasema ilikuwa ya dodoki lililosahauliwa wiki nzima chini ya sinki, ukiliinua linachuruzika.

Jambo jingine lilimsumbua. Jua lilikuwa kali, gari limesimama juani, vioo vimefungwa. Matope ya kreta hukauka kwa nusu saa, yakapasuka, yakabanduka magamba. Ya Kitinda yalikuwa mabichi. Yaling'aa. Yalikuwa yakitiririka taratibu kwenye nailoni na kudondoka chini, na hayakupungua mwilini.

Shangazi akachukua yai na taulo dogo aliloliloweka, akaingia garini. Moyo ulishamlainika. Alikuwa ametunga hadi maneno ya kusema.

"Kula basi, mdogo wangu. Tusigombane mbele ya watu."

Mkono ukanyooshwa, ukapokea yai. Ukalitia mdomoni zima, na ganda lake. Kinywa kikatafuna. Kilitafuna bila sauti yoyote ya ganda kuvunjika. Kisha kikafunguka, na yai lilikuwa bado pale, zima, limekaa ndani ya matope. Hakukuwa na ulimi.

Shangazi hakupiga kelele. Alijiambia macho yamemdanganya, ni jua, ni njaa. Akafanya alichokifanya kwa mtoto yule tangu akiwa na miaka minne. Akamshika kidevu, akamfuta shavu.

Taulo likajaa matope. Akageuza upande wa pili, akafuta tena. Matope. Akafuta tena palepale, kwa nguvu, akitafuta ngozi. Chini ya matope kulikuwa na matope. Kisha kidole chake kikazama.

Kiliingia shavuni hadi kifundo cha pili. Ndani kulikuwa na uvuguvugu. Ncha ya kidole ikagusa nywele, nyingi, zimejisokota pamoja kama zile zinazotolewa kwenye tundu la bafu. Zilikuwa zikisogea.

Akachomoa kidole, akatoka, akatapika nyuma ya gari mpaka akabaki anakohoa nyongo. Alipoinua kichwa, wazo la kwanza halikuwa woga. Lilikuwa hesabu. Kama hiki kimepanda garini na gambuti za Kitinda, Kitinda yuko wapi?

Saa nane kasoro. Karibu saa tatu tangu amwache.

Akamvuta Taratibu pembeni, akamnong'oneza. Taratibu akatazama kioo cha nyuma, akakaa nacho muda, uso ukamshuka.

"Dada," akanong'ona, "hicho kitu hakipumui. Tangu kwenye maporomoko nakitazama. Niliogopa kusema."

"Turudi."

"Nacho?"

"Tukiache na hawa wazee?"

Wageni wakaambiwa gari limepata hitilafu ndogo, wakasema asante. Na Taratibu, mtu yule aliyepitwa na baiskeli, siku hiyo aliendesha mpaka vioo vikalia. Kila kona, kitu kile kiliinama upande mmoja na kuchelewa kurudi wima.

Mlinzi wa lango la kreta akawazuia. "Mmesahau nini? Hakuna mtu huko chini. Wenu wametoka wote, nimewaona."

"Uliwaona nyuso?" shangazi akauliza.

Mlinzi akafungua lango.

Wakashuka. Taratibu mbele na kamba ya kuvutia gari begani, shangazi katikati, na nyuma yao, bila kuitwa, kile kitu. Kilishuka chenyewe. Walisikia gambuti zikinyonya na kuachia kila ngazi. Shangazi hakugeuka. Alihesabu ngazi ili asifikiri.

Dimbwi lilikuwa tulivu. Kwenye matete kulikuwa na simu, kioo kimejaa alama za vidole. Na nyayo. Nyayo za miguu mitupu, ndogo, zilizoelekea kwenye matope. Hazikuwa na za kurudi.

"Kitinda!"

Akasogea hadi ukingoni.

"Kitinda, mwanangu!" Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa ni mdogo wake.

Hatua nne kutoka ukingoni, matope yakainuka kidogo. Yakafunguka macho mawili. Macho tu, meupe, mekundu pembeni kwa kulia. Chini yake ulikuwapo mdomo uliofumbwa kwa nguvu zote, na matope yameufikia. Alikuwa akipumua kwa pua, na kila pumzi ilitoa kipovu cha kijivu.

Taratibu akatupa kamba. Mkono ukatoka, ukaikamata. Wakavuta wote wawili, visigino vimechimba chini. Alisogea kidogo. Kisha akazama. Wakavuta tena, akazama zaidi, mpaka pua. Ilikuwa kana kwamba kuna watu upande wa chini nao wanavuta.

Taratibu ndiye aliyeona. "Tazama miguu yake," akanong'ona. Hakuwa akimsema Kitinda.

Kile kitu kilisimama ukingoni, wima, mikono imening'inia. Kila walipovuta kamba, gambuti zake zilikandamiza ardhi. Kisigino kikashuka, na Kitinda akashuka. Kikashuka tena. Pua yake ikabaki kama ncha ya kidole.

Shangazi akaachia kamba.

Huyu ni mtu ambaye siku panya alipokufia chini ya kabati letu alihamia kwa jirani siku mbili. Akapiga magoti mbele ya kitu kile. Akakumbatia mguu. Matope yakamwingia kifuani, shingoni, kwenye kwapa. Akashika gambuti ya kushoto kwa mikono yote miwili na kuvuta.

Ilitoka kwa mlio wa mtu anayemeza. Na mguu ukatoka nayo. Haukuwa mguu. Ulikuwa uji mzito uliomwagika mapajani mwake, na ndani ya uji kulikuwa na kucha. Kucha za miguu, za watu wakubwa na watoto, nyingine zimepakwa rangi nyekundu. Kulikuwa na mafundo ya nywele. Kulikuwa na jino moja la utotoni, jeupe, safi. Harufu ikampanda mpaka akaionja.

Kitu kikainama. Uso wake usio na uso ukasogea karibu na wake, ukagusa paji lake. Ulikuwa wa uvuguvugu. Akafumba macho. Akafumba mdomo. Akashika gambuti ya kulia.

"Mdogo wangu," alisema kimoyomoyo, "nenda hata mwisho wa dunia. Nenda."

Akavuta.

Kikammwagikia chote. Alipofungua macho alikuwa amekaa ndani ya tope lililokuwa likirudi dimbwini polepole, na kucha zake na nywele zake, likitambaa kama lina haraka ya kutoonekana. Nyuma yake alisikia Taratibu akiguna, kisha sauti ya kitu kizito kikiburutwa kwenye matete, kisha kikohozi. Kikohozi cha mtu.

Kitinda alitema matope kwa robo saa. Kwenye bomba la langoni shangazi alimvua nguo mbele ya mlinzi na hakujali. Alimwosha. Maji yakatoka ya kijivu, yakatoka ya maziwa, yakatoka meupe. Akaona ngozi. Akaona kovu la goti alilolipata utotoni. Akahesabu vidole vya miguu, kumi, akavihesabu tena, na ndipo alipolia, kilio kikubwa cha msibani, mpaka mlinzi akavua kofia.

Garini, amefungwa taulo tatu, Kitinda akasema maneno ya kwanza.

"Dada. Huko chini kuna watu."

Shangazi akamshika mkono. "Nyamaza. Yamekwisha."

"Wamesimama. Wamebanana. Walikuwa wamenishika miguu, lakini hawakuwa wakinivuta kwa ubaya. Walikuwa wanataka nisiwaache." Akaitazama miguu yake. "Wote hawana viatu."

Shangazi hakumuuliza walikuwa wangapi. Aliniambia kuwa swali lilimfika kooni, akalimeza, na kwamba kumeza kule kulikuwa kuchungu kuliko matope.

Kitinda aliondoka baada ya wiki mbili. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, akambebea mfuko, akamkumbatia na jasho lake lote. Yuko salama huko, ana afya, anapiga simu kila Jumapili. Shangazi aliacha kazi. Anashona mapazia sasa, na nyumba yake ukiingia inanukia sabuni mpaka machozi yanakutoka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwezi uliopita nilikuwa kwake, nikimsaidia kufuta vitu kwenye simu yake iliyojaa, nikakuta ujumbe ambao hakuwa ameufungua. Ulitoka namba ya nchi ya mbali. Nikamsomea kwa sauti kabla sijajua ninasoma nini.

"Habari za siku nyingi, mama. Hutatukumbuka, tulikuja kwako na mke wangu miaka mitano iliyopita, safari yetu ya harusi. Siku ile mke wangu alichoka, hakushuka kwenye maporomoko, ukatukubalia aende na gambuti hotelini, nasi tukasahau kukurudishia. Utuwie radhi. Ni namba nne. Ningezituma kwa posta, lakini hakubali kuzivua, hata kulala analala nazo. Naandika kuuliza kitu kimoja. Tumetumia kila sabuni. Tunamwogesha asubuhi na jioni. Je, wenyeji mnatumia nini kuyatoa matope? Sasa tuna mtoto, na yeye pia tumeanza kumwosha."

Shangazi alininyang'anya simu, akaenda bafuni, akafunga mlango. Nilisikia bomba likifunguliwa. Lilikaa wazi mpaka maji ya tangi yakaisha.